Ngwe Nzima kwa Mwenye Mshono Mbichi

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi kina baba wachache mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kukimbia, nawasalimu. Mwakeye! Eeh, itikieni vizuri, mimi nimetembea asubuhi hii na nina nguvu, sitaki salamu iliyolegea. Wageni wetu kutoka Kitanga, karibuni sana. Mimi ni binti yenu, niliolewa tu huku Busunzu, kwa hiyo nikisema vibaya leo mtanirudisha kwetu.

Mama mchungaji aliponiomba nisimame hapa aliniambia, "Mama, useme kwa upole." Nikamjibu nitajaribu. Nimejaribu tangu jana na imeshindikana. Mungu aliyeniponya anajua nina hasira na sijamsikia akinikataza, basi nivumilieni. Sitamtaja mtu kwa jina. Lakini kijiji ni kimoja, na atakayejiona ndani ya maneno yangu asiangalie chini, anitazame tu, hatutagombana.

Mnakumbuka nilivyokuwa naumwa. Nilikuwa natokwa damu mwezi unaingia mwezi unatoka, nimekauka, napanda kale kamlima ka kwetu napumzika kama bibi kizee. Mume wangu akanipeleka hospitali Kibondo, wakapima, wakasema ni uvimbe kwenye kizazi, wakanipasua, wakautoa. Nashukuru. Madaktari na manesi wale Mungu awape maisha marefu, maana leo sina ugomvi nao hata kidogo.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniita mimi na mume wangu akatukalisha. Akasema, "Mama, mshono wa juu umefunga, wa ndani bado. Usinyanyue kitu kizito. Jembe uliweke kabisa mpaka urudi nikuone. Chakula anza taratibu: uji, supu, mboga za majani, papai, maji mengi, mafuta kidogo. Na kila asubuhi utembee. Leo mpaka kwa jirani, kesho upite jirani, hivyohivyo mpaka mwili uzoee. Lakini utembee mikono mitupu. Usibebe kitu." Nikasema nimesikia. Mume wangu naye akasema amesikia. Maneno mepesi, hata mtoto anayaelewa. Nani angejua kwamba hayo maneno mepesi hayawezekani Busunzu?

Nilifika nyumbani, na chakula kikaanza kuja.

Mnajua desturi yetu. Mgonjwa akitoka hospitali, kila nyumba inapika. Mtu anakuja na bakuli lake limefunikwa kitambaa safi, anapiga goti, anasalimu salamu yote mpaka mwisho, halafu anakaa. Anakaa kukutazama ukila. Haondoki! Ugali wa muhogo mkubwa hivi, maharage yaliyoungwa kwa mawese mpaka yanang'aa, samaki mgebuka mzima na kichwa chake. Ukiacha tonge mbili, amekasirika, utasikia wiki nzima kwamba umekataa mkono wake.

Mmoja nilimwambia kwa adabu, "Mama, daktari amesema nianze na uji."

"Daktari huyo ni wa wapi?"

"Nasikia ni wa Mbeya."

"Ndiyo maana. Hajui sisi huku tunarudisha damu kwa kitu gani. Kula."

Nikala. Nikala kwa huyo, akaja mwingine nikala kwa huyo. Mume wangu alininunulia papai, mgeni akaliona juu ya meza akacheka: "Papai? Hicho si chakula cha ndege?" Tumbo likajaa kama ngoma. Choo kikagoma. Nasema hivi mbele za watu wazima na mbele za wachungaji, kwa sababu hakuna anayesema: mtu mwenye mshono, choo kikigoma, anajikamua kwa machozi, na kila akijikamua anausikia mshono. Mimi nilikuwa chooni nimeshika ukuta nalia, na huko sebuleni mgeni anamwambia mume wangu, "Hakikisha amemaliza lile bakuli, nitalifuata jioni." Walinipenda, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza, mama, umeambiwa ule nini? Hata mmoja!

Sasa nije kwenye kutembea, maana hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa.

Nyinyi wenyewe semeni. Huku kwetu mwanamke akionekana njiani asubuhi, ana nini? Ana jembe begani, au kuni kichwani, au ndoo, au kikapu, au mtoto mgongoni, na wengine tunakuwa na vyote kwa pamoja. Mwanamke asiye na kitu, asubuhi ile, mikono inaning'inia tu? Huyo anatoka kwa mtu. Kama hatoki kwa mtu basi anakwenda kwa mtu. Na kama ni mzee kidogo kama mimi, basi alikuwa anawanga na jua limemkuta njiani. Msicheke! Mmecheka kwa sababu ni kweli.

Nilitoka asubuhi ya kwanza, polepole, nimejishika ubavu. Nyumba ya kwanza: "Mwakeye, mama. Unakwenda wapi?" Natembea tu. "Unatembea tu kwenda wapi?" Siendi mahali, natembea. "Haya." Ile "haya" mnaijua, inatoka puani. Nyumba ya pili hivyohivyo, ya tatu hivyohivyo. Nilirudi nyumbani nimechoka kwa kujieleza kuliko kwa miguu. Kabla wiki haijaisha, wanaume kwenye benchi la dukani walikuwa wanamuuliza mume wangu, "Mwenzetu, mkeo anazungukazunguka anatafuta nini?"

Mume wangu ni mtu mwema. Yupo hapa, ananisikiliza, asikunje uso. Alirudi siku hiyo akaniambia, "Najua ni maagizo ya daktari. Lakini beba hata ndoo, mke wangu, ili watu wanyamaze."

Na wakati huohuo, ndugu zangu, kuna mwalimu wetu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Tanga, ameletwa huku na serikali. Kila asubuhi anapita barabara ileile, raba miguuni, ushungi wake umefungwa vizuri, mikono mitupu, na yeye hatembei, anakimbia! Hakuna anayemuuliza kitu. Wanaume wa benchi wanamsogezea miguu apite. "Huyo ni mtumishi, anafanya mazoezi." Nikajiuliza, na ninawauliza nyinyi leo: mwili wangu mimi ni wa namna gani, ambao haustahili mazoezi? Mwili wa mkulima ni wa kubebea tu? Ukiweka mzigo chini, hauna haki ya kupita njiani?

Lakini nilibeba ndoo. Niliibeba tupu, naizungusha mkononi kama mtu anayekwenda bombani. Haikusaidia. Mwenye duka akaniita, "Mama, kunipitia asubuhi na ndoo tupu ni kunifungia biashara. Unaniletea mkosi." Basi siku iliyofuata nikafika bombani kweli, nikaweka maji kidogo chini ya ndoo, nipate amani. Jirani yangu akachungulia. "Hayo ndiyo maji? Umekuwa mtoto?" Kabla sijasema kitu ameshaijaza mpaka juu, ameshanitwisha. Nikasikia kitu kinavuta chini ya kitovu. Nikatembea nayo hivyohivyo mpaka nyumbani, natabasamu, nasalimu watu, mwakeye, mwakeye, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Nikaendelea kuibeba siku zilizofuata.

Na ndoo hiyo ikanipeleka kwenye kibiri.

Nyinyi watumishi mliotoka mikoa mingine, niwaeleze. Kibiri ni kikundi cha kulimiana. Leo tunalima kwako wote, kesho kwangu wote, mpaka mashamba ya wote yaishe. Kiongozi ana fimbo yake ya kupimia. Anampimia kila mtu ngwe yake, kipande chake cha kulima, sawa kwa wote, mnaanza pamoja mnaimba. Usipolima kwa wenzako, kwako hawaji. Ni kitu kizuri sana, kimetulisha tangu bibi zetu. Na mimi wakati ule shamba langu lilikuwa limejaa nyasi, mawingu yanajikusanya, mahindi na maharage ya watoto wangu yanasubiri ardhi. Kwa mikono ya mume wangu peke yake lisingeisha kabla ya mvua. Kwa hiyo nilikuwa nakihitaji kibiri kuliko wakati wowote mwingine.

Kiongozi wetu akaja nyumbani. Nasema kiongozi, simtaji.

"Tunaanza wiki ijayo. Nimekuona na ndoo kichwani, namshukuru Mungu umepona."

"Sijapona, mama. Daktari amekataza jembe."

"Na ndoo alikataza?"

"Ndoo pia."

"Lakini ndoo unabeba."

Mume wangu akaingilia, akasema yeye atalima ngwe yangu mpaka nipone. Kiongozi akacheka mpaka akashika kifua. "Baba, hiki ni kibiri cha wanawake. Ukiingia wewe, sisi tutaimba nini?" Maana nyimbo zetu za kulimia, mnajua wenyewe, zinawahusu wanaume. Nikaomba basi nije nidondoshe mbegu nyuma ya wenzangu. Akakataa. Nikaomba nusu ngwe. Akasema, "Kwenye kibiri hakuna nusu mtu. Ukija unapimiwa kama wenzako. Usipokuja, shamba lako tunaliruka. Sheria ni ya wote."

Nilikwenda. Watoto wangu wale nini?

Akanipimia ngwe nzima, katikati kabisa, kushoto mtu na kulia mtu. Wimbo ukaanza, majembe yakapanda. Mliolima kibiri mnajua: wimbo ukikolea, mikono haikuulizi. Wa kushoto akanipita, wa kulia akanipita, nikabaki na kipande changu cha nyasi kimesimama peke yake katikati ya shamba jeusi, wote wanakiona. Mmoja akapaza sauti, "Hospitali imemfundisha kulala!" Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikainua jembe juu nikalishusha kwa nguvu zangu zote, na tumboni kitu kikaachia. Nilikisikia kabisa. Nikapiga magoti. Nilidhani ni jasho linaloshuka, nikaweka mkono, nikaona damu.

Walinipakia kwenye bodaboda, mwanamke mmoja amenishikilia kwa nyuma, ile barabara na mashimo yake mpaka Kibondo. Mshono wa ndani ulikuwa umeachia, wa juu nao umechanika, na utumbo umejisukuma hapo. Wakanipasua tena. Daktari wangu hakunigombeza. Alinitazama tu akasema, "Mama, mimi nilisema nini?" Nikageukia ukutani. Nilimsikia mume wangu nyuma yangu akivuta kamasi.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo moja ambalo sijalisema popote. Kabla sijaweza hata kukaa vizuri kitandani, wakaja. Kibiri kizima, wamevaa vitenge vizuri, na mabakuli yao. Yale yale! Na kiongozi wetu mbele na mgebuka. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akasema, "Pole sana, mama. Ni mapenzi ya Mungu."

Mapenzi ya Mungu! Mungu ndiye aliyeshika fimbo ya kupimia? Mungu ndiye aliyesema hakuna nusu mtu? Tunamtupia Mungu kila kitu ambacho sisi wenyewe tumekifanya kwa mikono yetu mchana kweupe, halafu tunakuja na mgebuka. Nilitaka kupiga kelele, lakini mtu aliyeshonwa tumbo hawezi hata kukohoa. Nikafumba macho. Wakasema, "Amelala, maskini," wakaacha mabakuli wakaondoka.

Nilirudi nyumbani mara ya pili nimekata tamaa. Nilijifungia ndani. Sikutaka kutembea, sikutaka kula, sikutaka kuona mtu. Mwili ulikuwa umekwisha na roho nayo imechoka. Nilianza kufikiri kwamba sitalima tena maishani, nitakuwa mtu wa kuletewa mpaka nife.

Mtu aliyenitoa ndani ni yule mwalimu. Anamfundisha binti yangu, na binti yangu alikuwa amemweleza. Akaja mchana, amebeba kipande cha papai. Akakaa. Swali lake la kwanza, nasema la kwanza kabisa, lilikuwa, "Shoga, daktari kakwambiaje?" Nilianza kulia palepale. Nikamweleza yote, na mikono mitupu, na ndoo, na benchi la dukani.

"Basi kesho asubuhi nitakupitia," akasema. "Sitakimbia. Nitatembea nawe."

"Watu watasema, mwalimu."

"Na waseme. Midomo ni yao, tumbo ni lako."

Alikuja kweli. Tukatoka, yeye na raba zake, mimi na kandambili, wote wawili mikono mitupu. Tulipofika kwenye benchi, mmoja akasema, "Mwalimu, umepata mwanafunzi?" Mwalimu alitaka kujibu, nikamwahi. Nikasema kwa sauti, "Nimeshonwa mara mbili. Natembea ili nisishonwe ya tatu. Mwenye swali lingine aulize sasa hivi, kesho sitasimama." Mume wangu alikuwa amekaa na wenzake palepale. Akainuka kwenye benchi, akatufuata nyuma kama mlinzi mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo alianza pia kunipikia. Akachemsha majani ya maboga, akapika uji mwepesi, na mgeni aliyeleta mawese alipokelewa vizuri mlangoni, akashukuriwa, na bakuli wakala watoto. Wanaume walimcheka. Sasa anajiona mpishi, hata akisafiri Kakonko anatoa ushauri kwenye migahawa.

Nikaanza kupata nguvu. Polepole, kama daktari alivyosema. Siku nyingine nilirudi nyuma, siku nyingine nilifika mpaka shuleni. Lakini shamba langu lilikuwa bado nyasi, na mvua zimeanza kudondoka.

Kibiri kikakutana kupanga mashamba yaliyobaki. Nikaenda, sikualikwa. Tulikuwa wanawake watupu, uani kwa mmoja wetu. Kiongozi akataja mashamba, langu hakulitaja. Nikanyoosha mkono nikauliza. Akasema kwa huruma kabisa, "Mama, msimu huu wewe pumzika. Shamba lako tunaliruka. Sheria ni ya wote."

Nilisimama. Sikujua nitafanya nini, nawaapia. Nikalegeza kitenge, nikapandisha blauzi, nikawaonyesha tumbo. Kovu la kwanza, na la pili juu yake, bado jekundu. Nikamwambia kiongozi, "Lete fimbo yako. Pima hapa. Nataka nijue nililima ngwe ngapi."

Baadhi walifunika macho. Nikasema msifunike, tazameni, hii ni kazi ya kibiri chetu.

Hapo ndipo akasimama mama mmoja, mkulima hodari kuliko sisi wote. Ameniruhusu niseme. Akasema, "Mimi nilirudi kwenye ngwe na kichanga mgongoni, kitovu hakijadondoka. Kizazi changu kinashuka tangu siku ile. Najifunga kanga kwa ndani ndipo nalima." Miaka yote hiyo nalima pembeni yake, sikujua! Akasimama mwingine, mdogo wa umri. Akasema mimba ilimtoka akiwa kwenye ngwe, shambani kwa mmoja wetu, akafukia palepale kwa jembe lake, akamaliza kipande chake, kwa sababu aliona wenzake wanakaribia mwisho. Alikuwa anasema huku anatazama kucha zake. Tulikuwepo siku hiyo wote. Tulikuwa tunaimba.

Mtu atategemea niseme kwamba nilipoyasikia hayo moyo wangu ulilainika. Hapana. Nilikasirika zaidi. Kumbe tulijua! Kumbe kila mmoja alikuwa na lake amelifunga chini ya kitenge, anajua kabisa kurudi haraka kunafanya nini kwenye mwili, na bado anampimia mwenzake ngwe nzima, na bado anamcheka akibaki nyuma! Niliwaambia hivyohivyo, kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka ng'ambo ya mto. Kiongozi alikuwa amekaa chini, fimbo mapajani. Akasema taratibu, "Mimi niliambiwa hivyo na walionitangulia. Nilidhani nikilegeza kibiri kitakufa." Nikamwambia, "Kibiri hakitakufa, mama. Sisi ndio tunakufa."

Tulikaa pale mpaka jua likageuka. Tukabishana, hasa. Wako waliosema wavivu watajificha humo. Lakini tulipotoka tulikuwa tumekubaliana: anayerudi kutoka hospitali au kutoka uzazi, kwanza shamba lake linalimwa bila kuulizwa. Yeye akiwa tayari anarudi kwa kudondosha mbegu. Kisha robo ya ngwe. Kisha nusu. Mwili wake ndio unaosema lini, na daktari, wala si kiongozi na wala si wimbo. Na anayemcheka aliyebaki nyuma, anamalizia yeye ile ngwe.

Wiki ileile walikuja kwangu. Nilikuwa nyuma yao na mbegu kwenye kibakuli, nadondosha, nafukia kwa mguu. Nililia, lakini vizuri. Msimu uliofuata nililima robo, nikalima nusu, na mwezi uliopita nimelima ngwe nzima, kwa kupenda kwangu mwenyewe, na nikapumzika katikati nikanywa maji, na hakuna aliyekufa. Mawese nayala tena, kidogo. Na asubuhi bado natembea mikono mitupu. Siku hizi tunakuwa wanawake kadhaa, na mwenye duka anatusalimu wa kwanza.

Namshukuru Mungu, ambaye tulimsingizia. Nawashukuru walionishona na kunishona tena. Mume wangu, asante kwa uji, ingawa chumvi ulikuwa unazidisha. Mwalimu, umekaa pale nyuma na ushungi wako katikati ya kwaya yetu, asante, dada yangu, wewe uliuliza swali ambalo ukoo mzima haukuuliza. Nawashukuru kina mama wawili waliosimama siku ile uani. Na kiongozi wetu, nakushukuru kwa sababu uliiweka fimbo chini, na najua haikuwa rahisi.

Somo langu ni fupi. Mtu akitoka kuumwa, kabla hujapika, kabla hujamwita kazini, muulize ameambiwa nini na daktari. Halafu msaidie kufanya hilohilo, hata kama kwako linaonekana la ajabu. Mwacheni atembee. Mwacheni ale kidogo. Mwacheni abaki nyuma.

Nilikuwa nimekusudia kukaa hapa, na mama mchungaji naona ameshashika Biblia. Samahani, mama, bado kidogo. Niliyoeleza ni kibiri chetu. Vibiri vingine vya kanisa hili bado vina sheria ya zamani. Na kuna mwenzetu amejifungua kwa upasuaji majuzi tu, mtoto bado mwekundu, simtaji, na kibiri chake kimempa taarifa kwamba kesho apimiwe ngwe kama wengine. Nimesikia jana jioni. Ndiyo sababu upole umenishinda. Wenzake mko humu ndani, nawaona, na mnajua ninawazungumzia nyinyi.

Dada huyo kesho haendi shambani. Analala na mtoto wake. Ngwe yake inataka watu wawili waikate nusu kwa nusu. Wa kwanza ni mimi. Namtafuta wa pili, na sikai mpaka nimwone amenyoosha mkono.